Sweta la mdoli: usipunguze kipimo cha mtoto, mpime mdoli mwenyewe

MamaWaBaridi (mleta uzi) #1

Habari za jioni wanajamvi.

Binti yangu anaanza darasa la kwanza Januari. Sweta lake la shule tulishanunua: kijani iliyokolea, shingo ya V, mstari wa njano shingoni. Siku lilipoingia nyumbani alilivaa mpaka usiku, kisha akamleta mdoli wake akaniuliza, "La Tatu liko wapi?"

Tatu ni mdoli wa kitambaa. Nilimshona mwenyewe kwa kipande cha shuka na pamba ya mto uliochakaa. Ana urefu wa sentimita 40 na kichwa kikubwa cha mviringo. Sisi tuko Njombe, na anayeijua Njombe ya mwezi wa sita na wa saba anajua kwamba sweta huku si pambo. Kwa mtoto, mdoli naye anasikia baridi. Nikamwambia nitamfumia, na lifanane na lake.

Nafuma tangu darasa la tano. Nimefuma kofia, soksi, masweta ya vichanga wa ndugu na majirani. Niliamini ni kazi ya usiku mmoja. Imechukua siku nne na nimefumua mara mbili. Nilitafuta maelezo kwa Kiswahili sikuyapata, ndiyo maana nayaweka hapa kwa urefu, pamoja na kosa lililonifumulisha, kwa sababu naamini wengi wataanguka palepale.

Kosa lenyewe: nilichukua vipimo vyangu vya sweta la mtoto wa mwaka mmoja nikavigawa kwa mbili. Mwili ukatoka mzuri, mikono ikatoka mizuri. Nikaunganisha, nikafuma ukingo wa shingo, nikamwita mwenye mdoli. Halikupita kichwani. Nilivuta mpaka nyuzi za mshono wa bega zikaanza kulia, na yeye amesimama pale ameshika mkono wa Tatu, hasemi kitu.

Usiku ule nilichukua futikamba nikawapima wote wawili. Binti yangu ana kichwa cha sentimita 51 na kifua cha 58. Tatu ana kichwa cha 34 na kifua cha 24. Tazameni hapo. Mtoto kifua kinazidi kichwa. Mdoli kichwa kinazidi kifua kwa sentimita 10 nzima. Shingo ya sweta la mtoto, hata uipunguze kwa hesabu sahihi kiasi gani, imetengenezwa kwa ajili ya kiumbe mwenye kichwa kidogo kuliko mwili. Tatu siye.

Vipimo na hatua naweka kwenye posti inayofuata.

MamaWaBaridi #2

Pima sehemu sita kabla hujagusa sindano: kichwa pale kilipo kinene, kifua, urefu kutoka begani hadi unapotaka sweta liishie, urefu wa mkono, unene wa mkono, na kiganja. Kiganja watu hukisahau. Mdoli wa kitambaa kiganja chake ni kinene kuliko kifundo, kwa hiyo ukingo wa mkono lazima upitishe kiganja kwanza ndipo ubane.

Kisha fuma kitambaa cha majaribio. Najua kinachosha, na mimi nilikuwa mtu wa kukiruka. Kwenye sweta la mtu mzima ukikosea kidogo litavalika tu. Kwenye sweta la mdoli, vitanzi vinne ni sentimita moja na nusu, na sentimita moja na nusu kwa kifua cha 24 ni tofauti ya kuvalika na kutovalika. Uzi wangu ni wa akriliki, ule mwembamba unaofumiwa vichanga, na sindano za milimita 3. Nilipata vitanzi 26 na mistari 36 kwa sentimita 10. Wewe ukipata namba nyingine, tumia namba zako na hesabu ileile.

Hesabu: kifua 24, nikaongeza 2 za kupumulia, ikawa 26. Zidisha kwa 2.6 unapata 67 na ushei, nikachukua 68. Gawa kwa mbili, 34 mbele na 34 nyuma, na ongeza kitanzi kimoja kila upande kitakachomezwa na mshono. Vitanzi 36 kila kipande.

NYUMA. Anzisha vitanzi 36. Mistari 8 ya moja mbele, moja nyuma, ule ukingo wa kuvutika. Baada ya hapo fuma wazi, mstari wa mbele na mstari wa nyuma kwa kupokezana, hadi jumla ya mistari 48. Ukifika mstari wa 26 funga kauzi ka rangi nyingine pembeni pande zote mbili. Hapo ndipo kwapa linapoanzia. Mwisho funga vitanzi 11 vya bega la kulia na 14 vya shingo, ila 11 vya bega la kushoto USIVIFUNGE. Viendeleze kwa mistari 4 ya moja mbele moja nyuma, ndipo ufunge. Hicho kiulimi ndicho kilichoniokoa, nitakieleza.

MBELE. Vilevile hadi mstari wa 30. Hapo gawa katikati, 18 huku na 18 huku. Nusu moja iweke kwenye pini kubwa. Nusu nyingine fuma ukipunguza kitanzi kimoja upande wa shingo kila mstari wa mbele, mara 7. Utabaki na 11. Malizia mistari minne bila kupunguza, ufike 48, funga. Rudi kwenye nusu ya pili ufanye hivyohivyo kwa kuigeuza.

MKONO (miwili). Anzisha 24, mistari 6 ya ukingo wa kuvutika. Kisha fuma wazi ukiongeza kitanzi kimoja kila upande kila baada ya mistari 4, mara nne, ufike 32. Ongeza mistari 4 mitupu. Funga kwa kulegeza mkono.

Mtaona kwapa sikulichonga. Nilijaribu mara ya kwanza kulichonga kama la sweta la mtu, likakunja kitambaa chote chini ya bega. Mwili wa mdoli wa kitambaa hauna bega la kweli, ni kama mto wenye mikono. Vipande vya mraba vinamkaa vizuri zaidi.

njiti_mbili #3

Mleta uzi hongera sana dada. Uzi wa namna hii ni nadra humu.

Mimi ni mwanaume na ninafuma, nimejifunza shule ya msingi kwenye Stadi za Kazi. Hatukuwa na sindano za dukani. Tulikuwa tunatumia spoku za baiskeli, tunazikata, tunasugua ncha kwenye jiwe na maji mpaka ziache kukwaruza, na upande wa pili tunachomeka kipande cha ndala ili vitanzi visikimbie. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2. Kwa sweta la mtu ni adhabu, utafuma mwaka mzima. Kwa mdoli ndiyo saizi yenyewe, hasa ukipata uzi mwembamba.

Swali langu: bega la kushoto uliloliacha wazi linafungwaje? Na kwa nini la kushoto?

MamaWaBaridi #4

Asante kaka, na kipande cha ndala umenikumbusha mbali. Sisi tulitumia mbegu za parachichi changa.

La kushoto kwa sababu binti yangu anatumia mkono wa kulia, na akimkalisha Tatu mbele yake wakitazamana, bega la kushoto la mdoli liko upande wake wa kulia. Ni yeye atakayekuwa anafungua na kufunga.

Sasa shingo. V yangu ina kina cha mistari 18, yaani sentimita 5. Nikizungusha futikamba kwenye mdomo wote wa shingo napata kama sentimita 17. Kitambaa kinavutika, lakini si kutoka 17 hadi 34. Hapo ndipo lile la kwanza lilipokwamia. Ukiliacha bega moja wazi, unaongeza urefu wa bega mara mbili, mbele na nyuma: vitanzi 11 ni sentimita 4 na kidogo, mara mbili ni 8 na nusu. Mdomo unakuwa 25 na ushei. Kutoka 25 hadi 34 kitambaa kinanyooka bila kulia.

Kuunganisha: shona bega la kulia kwanza. Kisha okota vitanzi vya shingo ukianzia bega la kushoto la mbele: 14 kushuka V, 1 kwenye ncha, 14 kupanda, 14 mgongoni, 2 kwenye ukingo wa kiulimi. Jumla 45. Fuma moja mbele moja nyuma mistari 5: kijani 2, njano 2, kijani 1. Kila mstari wa mbele, vitanzi vitatu vya ncha ya V viunganishe viwe kimoja, na kile cha katikati kikae juu. Usipofanya hivyo, ncha itasimama kama mdomo wa kuku badala ya kulala. Funga kwa kulegeza kabisa, hata ukitumia sindano nene zaidi kwa mstari huo mmoja.

Halafu laza bega la mbele juu ya kiulimi, shika kwa mishono miwili upande wa mkononi tu, ndipo upachike mkono kati ya vile viuzi vya alama. Mwisho shona ubavu na mkono kwa mshono mmoja mrefu.

Uzi wote pamoja na wa njano nilipima kwenye mzani wa jikoni: gramu 19. Donge moja la gramu 50 linavisha wadoli wawili.

Wanjiru_wa_Nakuru #5

Dada, salamu kutoka Nakuru. Nimesoma kila neno.

Huku kwetu nyanda za juu akina mama hufuma hata wakiwa wamekaa sokoni wakingoja wateja, sindano haziwahi kulala. Pale Njoro kuna kikundi kinaitwa Kenana Knitters, kilianza 1998. Akina mama wanasokota sufu ya kondoo kwa mkono, wanaitia rangi za mimea, na wanafuma wanyama wadogo wa kuchezea, tembo, twiga, kiboko. Nawataja kwa sababu ukishika kazi yao utaona kitu kidogo kinataka mkono uliokaza kuliko sweta la mtu. Mnyama amejazwa ndani, vitanzi vikilegea kijazio kinachungulia. Sweta la mwanasesere halijazwi, lakini na lenyewe huvutwa, huvuliwa na kuvishwa mara kumi kwa siku. Mfumo ulegee kidogo tu, kiwiko kinatoboka.

Jambo moja la kuongezea kuhusu wuli. Kama ni sufu halisi ya kondoo, usiifue kwa maji moto wala usiisugue. Unywele wa kondoo una magamba madogo, yakipata joto na msuguano yanashikana na sweta linasinyaa, haliwezi kurudi. Akriliki haina shida hiyo, lakini usiiguse kwa pasi. Inalegea na kung'aa, na haitavutika tena maisha.

MamaWaBaridi #6

Ahsante sana dada Wanjiru. La pasi nalitia mkazo. Niliwahi kuharibu sweta la kichanga kwa pasi, likawa kama kitambaa cha mezani. Vipande vya Tatu nilivilowesha tu, nikavibana kwa pini juu ya taulo hadi vikakauka. Kwenye baridi hii vilichukua siku nzima na nusu.

dada_wa_bandarini #7

Shikamoo mleta uzi, kama umenizidi umri.

Mie nipo Tanga, joto tupu, lakini mwanangu katia roho sweta la Barbie kwa sababu kamuona mtoto wa jirani. Nimempima: urefu 29, kifua 13. Kichwa hakina shida, nywele ndizo shida. Na vile vidole vyake vya plastiki vinanasa kila kitanzi. Nimeshavunja uzi mara tatu kumvisha.

MamaWaBaridi #8

Marahaba mwanangu, au mdogo wangu, tuyaache hayo.

Barbie ni mtu mwingine kabisa. Huyo ametoka mwaka 1959 na umbo lake halijawa la mtoto tangu siku ya kwanza, ni mwanamke mzima mwenye kiuno cha sindano. Kwake kichwa si tatizo kuu kama kwa Tatu. Tatizo lake ni kwamba mikono haipindi vizuri, na uzi wa kawaida kwake ni mnene kama kamba ya nanga. Fuata ushauri wa kaka wa spoku hapo juu: sindano za milimita 2 na uzi mwembamba kuliko wote utakaoupata. Ukipata vitanzi 34 kwa sentimita 10, kifua 13 ongeza 1, ni 14, unaanzisha 48 kwa mzunguko mzima.

Mgongo uache wazi kutoka juu hadi chini, ufunge kwa vifungo vya kubonyeza viwili. Hivyo nywele hazipiti kwenye shingo hata kidogo. Kwa vidole, kata kipande kifupi cha mrija wa juisi, mvishe kiganjani, pitisha mkono wa sweta juu yake, kisha uutoe mrija. Vitanzi vinateleza.

njiti_mbili #9

Dada wa Tanga, uzi mwembamba ukikosa, chukua uzi wa kawaida uuchunguze. Mara nyingi umesokotwa kwa nyuzi ndogo tatu au nne. Ukate vipande vya mita mbili mbili, uzitenganishe taratibu. Kwa sweta la Barbie huhitaji nyingi. Utakuwa na ncha nyingi za kuficha, ila inawezekana, nimefanya.

MtuWaMitumba #10

Wakuu, nyuzi mpya zimepanda sana. Hivi haiwezekani kufumua sweta la mtumba? Ninayo mengi yasiyouzika, yana madoa au yametoboka kiwiko.

MamaWaBaridi #11

Inawezekana, na lile la njano la shingoni kwangu limetoka kwenye mtumba.

Lakini kabla hujalinunua lipindue, utazame mshono wa ubavuni. Kama kingo za kitambaa zimekatwa na kupigwa ovaloki, liache. Hilo limekatwa kutoka kwenye jora la kitambaa kilichofumwa kwa mashine, na kila mstari umekatika pembeni. Ukifumua utapata vipande virefu kama mkono wako, mamia. Linalofaa ni lile ambalo kila kipande kimefumwa kwa umbo lake, ukingo wake ni mzima, na mshono umepita pembeni tu kama mnyororo. Kata uzi wa mshono huo bila kugusa ukingo, vipande vinaachana, unaanza kufumua kutoka juu, mwisho wa kufuma, kwenda chini.

Tazama pia kama uzi una manyoya yaliyoshikana. Likiwa la sufu na limewahi kufuliwa vibaya, kama dada Wanjiru alivyosema, halifumuki, linachanika.

Uzi utatoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Usiufumie hivyo, vitanzi havitalingana. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa viuzi vifupi usije ukajisokota, uloweshe maji ya vuguvugu, uuning'inize ukiwa na kitu kizito kidogo chini. Mimi nilitumia kikombe cha bati. Ukikauka umenyooka.

Mswahili_Hamburg #12

Dada yangu, salaam kutoka Hamburg. Mimi si mfumaji, mke wangu ndiye, lakini nimeona niseme kitu nilichokiona kwa macho.

Kwenye jumba la sanaa hapa, Hamburger Kunsthalle, kuna mchoro wa madhabahu uliochorwa na Meister Bertram kwenye mwaka 1400 hivi. Ulitengenezwa kwa ajili ya monasteri ya Buxtehude, karibu na hapa. Sehemu moja Bikira Maria amekaa anafuma kivazi kidogo cha mtoto, na ana sindano nne, anafuma kwa mviringo. Kivazi hakina mshono hata mmoja. Na kazi imefikia wapi? Shingoni. Mke wangu alisimama pale muda mrefu akihesabu sindano.

Nilipomsomea uzi wako akauliza: mbona usifume kwa mviringo, uepuke kushona ubavu na mikono?

Pia anasema kuna mfumaji maarufu, Elizabeth Zimmermann, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Marekani hadi alipofariki 1999, aliyefundisha kufuma sweta kwa asilimia. Unajua vitanzi vya kifua tu, vingine vyote vinatoka humo: mkono juu ni kama theluthi moja, kifundo cha mkono asilimia 20, shingo asilimia 40. Je, haitafaa kwa mdoli?

MamaWaBaridi #13

Kaka, mwambie shemeji yangu nimemsikia na nimefurahi sana. Huyo Mama Maria na mimi tumekwama sehemu moja.

La asilimia nimelikalia jana usiku na daftari, kwa sababu ni hesabu nzuri mno. Kwa binti yangu linakubali. Kwa Tatu hapana, na ngoja nionyeshe wapi. Sweta lake ni sentimita 26 kifuani. Kifundo asilimia 20 ni sentimita 5. Kiganja chake ni 9. Mkono usingeingia. Shingo asilimia 40 ni sentimita 10 na nusu, na kichwa ni 34. Mkono wa juu theluthi moja ni karibu 9, na mkono wake wenyewe ni 10 kwa unene. Yule mama alipima watu, na miili ya watu, mikubwa kwa midogo, inafanana uwiano. Mdoli kila aliyemshona alimpa uwiano wake. Mimi Tatu nilimpa kichwa kile kwa sababu bakuli lililokuwa karibu ndilo nililochorea duara.

Ndiyo maana nasema mpime mwenyewe. Anayetaka asilimia atengeneze za mdoli wake. Za Tatu: mkono juu 46, ukingo wa mkono 35, shingo ikiwa imefunguliwa 97.

Kuhusu mviringo: kwa mwili inafaa, na ningekuwa na sindano nne za urefu mfupi ningefuma hivyo. Kwa mikono ya mdoli nimejaribu zamani. Vitanzi 24 juu ya sindano tatu ni vinane vinane, sindano ni ndefu kuliko kazi, zinagongana na kuchomoka. Kwa mkono mdogo hivyo mimi nashona.

nesi_wa_zamu #14

Samahani kuingilia. Nafanya kazi wodi ya watoto, naomba kuongeza moja tu. Mkimfumia mdoli wa mtoto wa chini ya miaka mitatu, msiweke vifungo vidogo kabisa, wala shanga, hata mkivishona kwa nguvu. Mtoto huyo anatafuna nguo ya mdoli siku nzima na uzi unakatika. Kitu kikikwama kooni ni dakika chache. Fungeni kwa kamba fupi ya uzi uleule, au acheni bila kufunga.

MamaWaBaridi #15

Nesi asante, hukuingilia. Binti yangu ana miaka sita ila kuna mdogo wake anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni, na kwa haraka zangu nilikuwa nimeshashona vifungo viwili vya kubonyeza. Nimevitoa leo asubuhi. Nimeweka vikamba viwili vifupi vya kusuka, urefu wa kidole, na kweli vinafungwa kwa urahisi zaidi na vidole vya mtoto.

dada_wa_bandarini #16

Mrija umefanya kazi! Mkono umepita kama samaki. Ila mleta uzi hujatuambia, Tatu kavaa?

MamaWaBaridi #17

Amevaa. Jumamosi jioni, limepita kichwani bila kuvutwa, V imelala, mstari wa njano umenyooka. Nilikaa nikimtazama binti yangu anavyolikagua. Alianzia shingoni, akalinganisha na lake, akakubali. Akaenda mgongoni. Akafika mikononi akanyamaza.

Akaniambia si sawa, mikono ni mifupi.

Nikamwonyesha kwamba inaishia kwenye kifundo, mahali pake kabisa. Akanyanyua mikono yake mwenyewe. Sweta lake la shule tulilinunua kubwa, kama tunavyonunua sote, livaliwe hadi darasa la tatu, na mikono nimeikunja mara mbili. La Tatu halikukunjwa.

Kwa hiyo nimefumua ukingo wa mishono ya mikono jana, nikaitoa yote miwili, nikaifuma upya. Anayefuata maelezo ya #2 na anataka ya kukunja abadilishe hivi: anzisha 24, mistari 16 ya moja mbele moja nyuma badala ya 6, mengine yaleyale. Mistari 10 ya ziada inatosha kukunja mara moja tu, mara mbili inakuwa nene mno kwa kiganja cha kitambaa. Hilo la mara moja amelikubali baada ya majadiliano.

Dada wa Tanga, kwa Barbie usijaribu kukunja, mkono wake ni mwembamba, ukingo utamwangukia. Nitumie idadi ya vitanzi ulivyopata kwenye kitambaa cha majaribio, nikupigie hesabu ya mikono kabla hujaanza.